Mgeni wa Kazi Upareni Apewe Njia, Si Gari Tu

Kila mwaka milima ya Upare, katika wilaya za Same na Mwanga, hupokea wageni waliokuja kufanya kazi. Miongoni mwao wamo madaktari, walimu, mafundi wa maji, wataalamu wa misitu na wanyama, wachunguzi kutoka vyuo vikuu, na vijana wa kujitolea kutoka Ulaya, Marekani na Asia. Wengine huja kwa miezi mitatu, wengine kwa mwaka mmoja au miwili. Hupokewa vizuri, maana mgeni Upareni hakosi chakula wala mahali pa kulala. Lakini liko jambo moja ambalo wenye kuwaalika huliacha mpaka siku ya mwisho, kana kwamba litajitengeneza lenyewe. Jambo hilo ni usafiri. Mgeni atafikaje? Atakwendaje kazini kila siku? Nani atamchukua, kwa fedha gani, na chombo atakachopewa kitamfaa nani zaidi yake yeye?

Sisi twasema kwamba jambo hili si dogo, wala si la starehe ya mgeni. Ni sehemu ya kazi yenyewe. Mtaalamu aliyekuja kupima chanzo cha maji, naye siku tatu kati ya tano yupo Same mjini akingoja gari, hajaja kupima maji. Amekuja kungoja gari. Gharama ya kungoja kwake hulipwa na yule mama ambaye bado anateka maji bondeni.

Yafaa kwanza tuikumbuke nchi yenyewe ilivyo. Mji wa Same uko katika nchi tambarare na kavu, pungufu ya mita 900 juu ya bahari, kando ya barabara kuu inayotoka Dar es Salaam na Tanga kwenda Moshi na Arusha. Mtu ashukaye katika uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, uliofunguliwa mwaka 1971, husafiri kwa lami zaidi ya kilomita 100 akafika Same bila taabu. Hapo ndipo wengi hudhani safari imekwisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza. Milima inasimama ghafla nyuma ya mji, na kilele cha Shengena, katika msitu wa Chome, kinapita mita 2,400. Watu wengi wa Upare hawakai chini palipo na lami. Wanakaa juu, penye mvua, migomba, kahawa na tangawizi. Kazi nyingi zinazowaleta wageni ziko huko huko juu, au upande wa pili wa milima, katika njia ya Kisiwani, Gonja, Ndungu na Kihurio mpaka Mkomazi.

Kwa hiyo mtu anayepanga safari za Upareni kwa kuhesabu kilomita anajidanganya. Milimani safari huhesabiwa kwa saa, na saa zenyewe hubadilika kwa majira. Njia inayopandwa kwa saa moja mwezi wa Agosti yaweza kuchukua nusu ya siku mwezi wa Aprili, au isipitike kabisa. Masika huanza Machi mpaka Mei, na vuli huja kuanzia Oktoba au Novemba. Mwenye kumwalika mgeni wa miezi mitatu, akampangia Machi, Aprili na Mei kutembelea vijiji vya juu, amemwalika aje kutazama mvua dirishani. Aliyemkaribisha Juni atapata kazi mara mbili kwa fedha zile zile. Hilo halihitaji msaada wa nchi yoyote, ila kumwuliza mwenyeji kabla ya kununua tiketi.

Wala mvua ya milimani si jambo la kuchelewesha watu tu. Mwezi Novemba 2009, katika kijiji cha Goha, huko Mamba Myamba, ardhi iliporomoka usiku wa mvua ikaua watu zaidi ya 20. Nako tambarare barabara kuu ina hatari zake. Tarehe 28 Juni 2025, mahali paitwapo Sabasaba katika wilaya ya Same, basi na gari dogo la abiria viligongana vikawaka moto, na watu zaidi ya 30 walikufa. Walikuwa watu wa kawaida, wengi wao wakisafiri kwenda harusini. Twayataja mauti hayo kwa heshima, ili mtu asije akasema kwamba kupanga usafiri ni mambo ya makaratasi. Kumweka mtu barabarani ni kumweka mahali pa uhai na kifo, awe mgeni au mwenyeji.

Sasa tutazame habari za zamani, maana wageni wa kazi hawakuanza kuja jana. Wamisionari wa Kijerumani wa Kiadventista waliingia Upare ya Kusini mwaka 1903, wakati reli kutoka Tanga ilikuwa bado haijafika huko. Reli hiyo, iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893, ilifika Mombo mwaka 1905, Buiko mwaka 1909, na Moshi mwaka 1911, ikipita Same chini ya milima. Wageni wale walipanda kwa miguu, mizigo yao ikichukuliwa vichwani na wenyeji. Hatuwasifu kwa kubebewa mizigo, wala hatusahau kwamba walikuja pamoja na utawala wa kigeni. Lakini jambo moja walilifahamu: aliyetaka kufanya kazi mlimani alijenga nyumba mlimani. Jakob Dannholz wa Misheni ya Leipzig alikaa Mbaga, akajifunza Kipare na kuandika habari za watu aliokaa nao. Lau angalikaa tambarare akapanda mara moja kwa mwezi, asingaliandika neno la maana.

Leo mara nyingi twafanya kinyume. Mgeni hupangiwa nyumba Moshi au Same mjini, penye umeme wa uhakika na duka la karibu, kisha hununuliwa gari la kumpandisha asubuhi na kumshusha jioni. Katika siku ya kazi ya saa nane, saa nne zimeliwa na njia. Mafuta yaliyochomwa kwa mwaka yangeweza kutengeneza nyumba ya wageni pale pale kijijini, ikabaki kuwa nyumba ya mwalimu au ya mkunga baada ya mgeni kuondoka. Kwa hiyo neno letu la kwanza ni hili: safari iliyo bora ni ile isiyohitajiwa. Mgeni alale karibu na kazi yake.

Neno la pili lahusu miguu na basi. Wapo wageni, na wapo wenyeji wanaowalaki, wanaoona kwamba mtaalamu akipanda basi la kijijini amevunjiwa heshima. Sisi hatuoni hivyo. Desturi ya mabasi ya milimani yafahamika: hushuka alfajiri yakichukua watu wa soko, wagonjwa na wanafunzi, kisha hurudi juu mchana. Mgeni akiijua desturi hiyo aweza kupanga juma lake lote bila kumsumbua mtu. Tena katika basi hilo atasikia bei ya tangawizi, habari ya daraja lililovunjika, na malalamiko juu ya zahanati isiyo na dawa. Hayo hayaandikwi katika ripoti yoyote ya mradi. Mtu aliyefungiwa vioo vya gari haambiwi kitu na mtu.

Hata reli yenyewe si ya kusahauliwa. Kwa zaidi ya miaka 20 treni ya abiria haikupita katika njia ya Moshi, mpaka iliporejeshwa Desemba 2019, na mwaka 2020 ikafika tena Arusha. Palipo na treni au basi, kumkodia mtu mmoja gari kutoka Dar es Salaam mpaka Same ni kutupa fedha.

Na miguu? Wapare hawana haja ya kufundishwa thamani ya miguu. Januari 1945 maelfu ya watu walitembea kutoka vijijini mwao mpaka Same, makao makuu ya wilaya, kuipinga kodi iliyoitwa mbiru. Hawakupandishwa gari na mtu. Walikaa Same kwa miezi, na mwaka uliofuata wanawake nao wakatoka kule Usangi kudai haki ile ile, mpaka kodi hiyo ikaondolewa. Historia hiyo iliandikwa na mtaalamu wetu, Profesa Isaria Kimambo, na yatufundisha kwamba njia za Upare zilikuwa njia za siasa kabla ya kuwa njia za magari. Mgeni anayetembea saa mbili na wenyeji kwenda mkutanoni anapita katika njia zenye heshima.

Neno la tatu ndilo zito kuliko yote, nalo ni gari la mradi. Hatusemi kwamba magari hayahitajiwi. Ziko kazi zisizofanyika bila gari: kupeleka chanjo zilizo baridi, kuchukua mabomba, kufika sehemu nyingi kwa siku moja. Katika Mkomazi, Mwingereza Tony Fitzjohn, aliyeitwa na serikali mwaka 1989 kusaidia kuirudisha hali ya mbuga ile, alianza kwa kufungua barabara na viwanja vidogo vya ndege, maana bila njia hapana doria, na bila doria faru weusi walioletwa kutoka Afrika Kusini mwaka 1997 wasingaliishi. Chombo kikiwa cha kazi, hatuna ugomvi nacho.

Tunalogomba nalo ni gari jeupe linalosimama mbele ya nyumba ya mgeni usiku kucha, nalo ndilo gari pekee katika kata nzima, wakati mama mwenye uchungu wa kuzaa anashushwa kwa machela mabegani mwa vijana, au anapakizwa juu ya pikipiki katikati ya watu wawili ili asianguke. Funguo ziko kwa dereva, na dereva ana amri: gari ni la mradi. Hapa hatuwalaumu madereva, wala mgeni peke yake, maana mara nyingi hajui kinachopita nje ya mlango wake. Twalaumu mapatano yaliyoandikwa bila kumfikiria mama yule. Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Gari la mgeni lisilomponya mwenyeji limekosa maana ya ugeni.

Dawa yake haiko mbali. Tangu mwaka 2022 serikali imeeneza nchini mpango wa m-mama, ambao kwao mtu hupiga namba 115 bila malipo ili mama mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga mwenye hatari apate chombo cha kumpeleka hospitali. Pale ambapo gari la wagonjwa halipo, huitwa dereva wa kijamii aliyeandikishwa na kulipwa kwa safari hiyo. Sisi twapendekeza kwamba kila mapatano ya kuleta mradi Upareni yawe na sharti kwamba gari lake, linapolala kijijini, liandikwe katika kitabu cha kata kwa ajili ya dharura, na bima yake ikatwe kwa matumizi hayo. Shirika litakaloona sharti hilo ni zito liambiwe kwa adabu kwamba barabara za kupitishia gari hilo zimejengwa na kodi na mikono ya watu hao hao.

Watu watatujibu, na jibu lao lina uzito, kwamba mgeni si mwenyeji. Hajazoea miteremko, hajui lugha, akiumia hana ndugu wa karibu. Tena baadhi ya mashirika huwakataza watu wao kupanda pikipiki. Je, si haki apewe usalama zaidi? Twakubali kwamba apewe usalama. Lakini usalama si upweke. Kama pikipiki ni hatari kwa mgeni, ni hatari pia kwa mwalimu aliyetoka Mwanza akapangiwa shule ya juu ya Gonja, na kwa muuguzi aliyetoka Lindi. Hao nao ni wageni wa kazi katika milima hii, ila hawana shirika la kuwatetea. Kofia ya chuma inayomfaa mgeni yamfaa na kijana wa bodaboda anayewachukua wote wawili. Basi fedha za usalama zitumike kwa kofia, kwa mafunzo ya waendeshaji, kwa nauli ya haki isiyowalazimisha kukimbia gizani na abiria watatu. Ulinzi wa mtu mmoja ukigeuzwa kuwa ulinzi wa wote, hauwi upendeleo tena.

Jambo hili la usawa si geni katika nchi yetu. Mwaka 1964, alipokuwa ziarani Afrika, Waziri Mkuu wa China, Chou En-lai, alitangaza kanuni nane za misaada ya nchi yake, na ya mwisho ilisema kwamba wataalamu wa Kichina wataishi kwa hali ile ile ya wataalamu wa nchi wanayoisaidia, bila kudai anasa za peke yao. Kisha makumi ya maelfu ya wafanyakazi wao walikuja kujenga pamoja nasi reli ya TAZARA kati ya mwaka 1970 na 1975, kilomita 1,860 mpaka Zambia, na baadhi yao wamezikwa Gongo la Mboto. Nao vijana wa kwanza wa Peace Corps ya Marekani waliokuja Tanganyika mwaka 1961 walikuwa na wapimaji wa barabara ndani yao. Nchi hizo mbili zilikuwa mahasimu, lakini wote waliona lile lile: katika nchi hii, msaada hauendi mbali kuliko njia.

Hapo ndipo tunapofika katika neno la nne. Mgeni wa kazi asitumie njia tu, bali aache njia. Wapare wana desturi yao ya msaragambo, ambayo kwayo kijiji kizima hutoka kwa siku iliyotajwa kutengeneza mfereji, ndiva ya kukingia maji, shule au barabara. Desturi hiyo yapaswa kuheshimiwa kwa vitendo. Barabara za wilaya ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017, na zile kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Lakini mfereji wa kando ya njia unaozibwa na tope la usiku mmoja haungoji mkandarasi. Mradi unaopeleka gari kijijini kila juma uweke sehemu ya fedha zake kwa kununua saruji, mawe na makarai, nao wananchi watoe mikono yao. Mgeni akitoka siku ya msaragambo akashika jembe, kama methali yetu inavyomtaka tangu siku ya tatu, atafahamu barabara ile kuliko kwa ramani yoyote.

Neno la mwisho ni la makaratasi, maana safari nyingi huharibika kabla hazijaanza. Kwa Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015, mgeni ajaye kufanya kazi hupata kibali cha kazi kwa mamlaka ya kazi, na kibali cha ukaazi kwa Uhamiaji. Mchunguzi wa elimu huhitaji pia ruhusa ya COSTECH. Mwenye kumwalika mtu, akamwambia kwamba hayo yatatengenezwa akishafika, anamfanya avunje sheria au akae bure Dar es Salaam huku muda wake ukiisha. Karatasi ziombwe mapema, na mtu asafiri zikiwa tayari. Vile vile ofisi ya kata ipewe habari ya kuja kwake kwa barua, si kwa uvumi. Mtu ambaye mwenyekiti wa kijiji anamjua kwa jina hapotei njiani, na akipotea hutafutwa.

Ndugu wafanyakazi na wanachama, mambo haya yako mikononi mwetu zaidi kuliko mikononi mwa wageni. Mgeni hufuata alichokikuta. Akikuta sisi wenyewe, viongozi na wakuu wa idara, tunapanda milima kwa gari la serikali mara moja kwa mwaka na kushuka kabla ya saa kumi, naye atafanya hivyo hivyo na kudhani ndiyo desturi ya nchi. Akikuta halmashauri ina ratiba ya mabasi ukutani, ina orodha ya magari ya dharura, ina siku ya msaragambo inayojulikana, na mkubwa wa idara anakaa katika basi lile lile na muuguzi wake, atajifunza bila kuhubiriwa.

Basi na wajumbe wa mabaraza ya kata, Same na Mwanga, waliweke jambo hili mezani kabla ya mapatano mapya kutiwa sahihi. Waulize maswali matatu tu. Mtu huyu atalala wapi? Atakwenda kazini kwa chombo gani? Na chombo hicho kitamchukua nani usiku wa mvua? Mradi usioweza kuyajibu haujawa tayari kuja Upareni, hata ukiwa na fedha nyingi namna gani.